Kizuri Chajiuza, Lakini Gunia Lifunguliwe

Mnunuzi wa vitunguu akifika Malolo hamuulizi mkulima kama mzigo wake ni mzuri, maana jibu analijua kabla hajauliza. Anaomba gunia lifunguliwe, anapenyeza mkono hadi katikati, anachomoa kitunguu ambacho hakikuchaguliwa na mtu, kisha anakibonyeza shingoni kwa kidole gumba. Shingo ikibonyea, kitunguu hakijakauka, na mzigo wa namna hiyo utaanza kuoza kabla haujamaliza wiki ghalani Dar es Salaam. Ikiwa kavu, na ganda la juu linachakarika mkononi, anahamia gunia la pili. Maneno ya muuzaji hayaingii kwenye bei. Hapo, katika kata inayolima kwa maji ya mto Mwega, wilayani Kilosa, jimbo la Mikumi, hakuna anayeuona ukaguzi huo kuwa tusi. Ndivyo biashara inavyokwenda kati ya watu wasiofahamiana.

Kijana wa nyumba hiyohiyo, aliyekua akiona magunia yakifunguliwa kila msimu, akikaa kuandika barua ya kuomba kazi anafanya kinyume. Anaandika kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii, mwepesi wa kujifunza na anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Anashona gunia mdomo, kisha anamwambia mnunuzi kwamba ndani ni vizuri tupu. Hoja ya makala haya ni kwamba kosa lake halitokani na woga wala uvivu, wala si Kiingereza kibovu, ingawa hivyo ndivyo vinavyolaumiwa zaidi. Amekosea aina ya maneno. Uwezo wa mtu kazini hauthibitiki kwa kutajwa. Huthibitika unapowekwa mahali ambapo mwajiri anaweza kupenyeza mkono na kuubonyeza mwenyewe.

Wanauchumi walilieleza jambo hili zamani kidogo. Mwaka 1970 George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya wastani kwa yote, na mwenye gari zima huumia kwa sababu bei hiyo haimfai. Miaka mitatu baadaye Michael Spence aliligeuza swali hilo kulielekeza kwenye ajira. Mwajiri naye hamwoni mtu ndani; anaona alama tu. Alama humsaidia pale tu ambapo asiye na uwezo hawezi kuipata kwa urahisi. Wote wawili, pamoja na Joseph Stiglitz, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Ukiishika kanuni ya Spence mkononi kisha ukasoma tena lile neno “mchapakazi”, udhaifu wake unaonekana mara moja. Mchapakazi huliandika, na mvivu huliandika kwa wino uleule. Kwa kuwa halimgharimu yeyote, halimtenganishi yeyote. Afisa anayesoma barua mia mbili huliruka kama anavyoruka “husika na kichwa cha habari hapo juu”. Wasifu uliojazwa maneno kama hayo ni lumbesa ya karatasi, gunia lililojazwa kupita kipimo, na lumbesa inamlisha hasara mkulima yuleyule aliyeishona.

Nchini kwetu tatizo limezidi kwa sababu hata alama zilizodhaniwa ngumu ziliwahi kughushiwa. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti feki. Wengi tunaikumbuka habari hiyo kwa watu walioondolewa kazini. Mwajiri anayo sababu ya kuikumbuka kwa jambo jingine: kumbe karatasi nayo hudanganya, na hudanganya kwa miaka bila kugunduliwa. Tazama matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanavyokataa hati za matokeo na vyeti vya muda, yakitaka nakala za vyeti zilizothibitishwa, na yanavyodai majina ya wadhamini watatu wenye simu zinazopatikana. Mwombaji huona ni urasimu wa kumchosha. Kwa jicho la Spence, huyo ni mnunuzi anayetafuta shingo ya kitunguu.

Je, kufungua gunia kunaleta tofauti kweli, au ni nadharia ya vyuoni? Jaribio linalofanana zaidi na hali ya kijana wa Malolo lilifanyika Addis Ababa, Ethiopia. Kundi la watafiti, wakiwemo Girum Abebe na Simon Franklin, liliwagawa vijana watafuta kazi kwa bahati nasibu. Baadhi walilipiwa nauli ya kwenda mjini kutafuta kazi. Wengine waliingia warsha ya maombi ya kazi, wakafundishwa kuandaa wasifu na kujieleza kwenye usaili, wakapimwa ujuzi, wakapewa cheti cha matokeo ya vipimo hivyo. Swali lilikuwa kikwazo ni kipi: umbali, au kutofahamika? Mwanzoni njia zote mbili zilisaidia vijana kupata kazi rasmi. Baada ya miaka minne faida ya nauli ilikuwa imeyeyuka, ila waliopita kwenye warsha walikuwa na kipato kikubwa zaidi, wakiridhika zaidi na kazi zao na kudumu nazo. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yanafaa kusomwa na kila mzazi anayeuza debe la mahindi ili mwanawe apate nauli ya Morogoro mjini. Nauli inamfikisha mlangoni, na mlangoni amesimama na wenzake ambao nao walilipa nauli.

Uganda inaongeza jambo la pili. Utafiti wa Livia Alfonsi, Oriana Bandiera na wenzao, uliochapishwa mwaka 2020, uliwalinganisha vijana waliofundishwa katika vyuo vya ufundi na waliofundishwa ndani ya karakana na viwanda vidogo. Makundi yote mawili yalipata ujuzi na yote yalinufaika. Lakini wale wa vyuoni, ambao ujuzi wao ulikuwa na cheti, walihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kwa urahisi zaidi, na walipopoteza kazi walirudi kazini haraka. Ujuzi wa waliofunzwa karakanani ulikuwa wa kweli, ila ulijulikana kwa bosi mmoja, na ulipotoka nje ya geti haukuwa na ushahidi. Jambo hili linagusa kiini cha suala letu. Watu wengi wa Kilosa na Mikumi wana ujuzi wa aina hiyo hasa: aliyefunga umeme wa nyumba kumi chini ya fundi mwingine, aliyekaanga na kupika katika hoteli za kando ya hifadhi, aliyechomelea vyuma kwa misimu mitano. Uwezo upo, tena mkubwa, lakini umebaki kichwani mwa mtu mmoja aliyeuona.

Afrika Kusini nako, Martin Abel, Rulof Burger na Patrizio Piraino walituma maombi ya kazi, mengine yakiwa na barua ya mwajiri wa zamani na mengine bila barua. Yenye barua yaliitikiwa na waajiri kwa asilimia 60 zaidi, na walionufaika hasa ni wanawake. Barua hizo hazikufanya kazi kwa sababu ya muhuri tu. Zilimpa mwajiri habari za kweli alizozitumia kuchagua wenye uwezo.

Kwa hiyo sentensi ya wasifu iandikwe vipi? Tuseme kijana wa Malolo anaomba kazi ya ukarani wa stoo katika kampuni ya sukari upande wa Ruhembe. Ameandika: “Nina uzoefu wa kilimo na naweza kufanya kazi katika mazingira magumu.” Hapo hakuna cha kubonyeza. Sasa aandike hivi: “Kwa misimu mitatu, 2022 hadi 2024, nilisimamia ekari mbili za vitunguu za familia. Niliandika daftarini mbegu, mbolea na dawa kila zilipotoka stoo, niliwalipa vibarua sita kila jioni, na niliratibu zamu yetu ya maji ya mfereji pamoja na majirani wanne.” Hakuna neno la sifa hata moja humo. Hata hivyo msomaji ameshahitimisha mwenyewe kwamba huyu anaweza kutunza leja, anaaminiwa na fedha na anajua kuishi na watu, maana zamu ya maji wakati wa kiangazi huwapima watu tabia kuliko usaili wowote. Hitimisho analolifikia mtu mwenyewe halitiliwi shaka kama lile aliloletewa.

Kuna nguvu nyingine katika sentensi hiyo ambayo haionekani haraka. Undani huita maswali. Aliyeandika “mwaminifu” hawezi kuulizwa zaidi ya hapo. Aliyeandika “vibarua sita kila jioni” ataulizwa aliwalipa kwa siku au kwa jaruba, na siku fedha zilipopungua alifanyaje. Aliyefanya kazi ile atajibu bila kufikiri. Aliyeinakili kwenye kompyuta ya duka la steshenari atakwama kwenye swali la pili. Ndiyo maana pingamizi kwamba takwimu na maelezo nayo yanaweza kudanganywa lina nusu tu ya ukweli. Uongo wa jumla haukamatiki. Uongo wenye tarehe, idadi na mahali unamweka mwongo katika hatari, na hatari hiyo ndiyo gharama ambayo Spence aliizungumzia. Kwa mkweli, gharama hiyo ni sifuri.

Matangazo ya kazi yenyewe yanatoa msaada usiotumiwa. Tangazo la kazi ya umma huwa na sehemu ya majukumu ya kazi na sehemu ya sifa za mwombaji. Watu wengi husoma sifa, wakaona wanazo, wakaruka majukumu. Wangefanya kinyume. Sifa zinaamua nani aingie kwenye mchujo, na anayezikosa hataokolewa na uandishi. Majukumu ndiyo yanayosema huyo mtu atakuwa akifanya nini Jumatatu asubuhi, na hapo ndipo mwombaji anapaswa kutafuta, jukumu kwa jukumu, kitu alichokwisha kukifanya kinachofanana nalo. Hali ni hiyohiyo kwenye swali linalofungua usaili mwingi: “Tueleze kuhusu wewe.” Jibu tulilozoeshwa linaanza na mwaka wa kuzaliwa, kijiji, na kuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Ni heshima nzuri ya ukoo, lakini mtu mwenye karatasi ya alama mbele yake hana pa kuandika alama. Jina, kazi uliyofanya inayokaribiana na hii, na kitu kimoja kilichotokana na kazi hiyo: hapo kalamu itasogea.

Pingamizi kubwa zaidi si la kiuchumi, ni la malezi. Tumefundishwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu anayejinadi hutazamwa kwa jicho la pembeni. Naliheshimu pingamizi hili kuliko yote, na sidhani dawa yake ni kuwaambia vijana waige majigambo. Ila methali hiyo ilizaliwa kwenye soko ambalo bidhaa imetandazwa mkekani, kila mpita njia anaiona. Uwezo wa mtu kazini hautandazwi mkekani. Ukikaa kimya hakuna atakayeuona, na ukijisifu hakuna atakayeamini. Iliyobaki ni njia ya tatu ambayo haivunji adabu yoyote, nayo ni kusimulia kazi badala ya kujisimulia wewe. “Mimi ni hodari” ni majigambo. “Pampu ile ilikuwa haipandishi maji, tukakuta valvu ya chini imeziba, tukaifungua” ni habari, na mzee yeyote wa kijiji atakusikiliza ukiitoa. Angalia pia wingi wa “tuka-”. Ni adabu yetu, ibaki. Sharti tu ujue kueleza, ukiulizwa, mkono wako ulikuwa wapi katika kazi hiyo.

Adabu hiyohiyo inatuelekeza kwa wadhamini, kwa sababu sifa hupendeza zaidi zikitoka kinywani mwa mwingine. Tunawachagua vibaya. Orodha ya kawaida ina mchungaji au shehe, mwenyekiti wa kijiji, na mjomba aliye mjini. Ni watu wema, ila wanachokifahamu ni tabia ya mtu na familia yake. Wakipigiwa simu watasema ni kijana mzuri, hana matatizo, na gunia litabaki limeshonwa. Afadhali katibu wa chama cha wamwagiliaji aliyepokea hesabu zako, fundi aliyekupa vifaa vyake, mwalimu wa karakana aliyesahihisha kazi yako. Na mdhamini apigiwe nawe kabla hajapigiwa na mwajiri, akumbushwe ulifanya nini na lini. Mtu aliyesimamia vijana arobaini hawezi kukumbuka kwamba wewe ndiye uliyegundua mifuko ya mbolea imepungua stoo.

Wapo watakaosema haya yote ni porojo, kazi ni kujuana. Kwa sehemu wanasema kweli, na sehemu hiyo ina jina lake, ni upendeleo, na hakuna wasifu unaoutibu. Lakini kujuana kwingi si rushwa. Msimamizi wa ujenzi anayemuuliza fundi wake “huna ndugu yako anayejua kufunga nondo?” anatafuta kilekile alichokitafuta mnunuzi wa vitunguu: ushahidi wa mtu atakayeona aibu akidanganya. Anayeelewa hivyo haachi kujieleza. Anampa ndugu huyo kitu cha kusema. Ujumbe wa simu wenye mistari mitatu ya kazi ulizofanya, na picha mbili za nondo ulizofunga, husambazwa haraka kuliko ombi la “nikumbuke kaka”.

Kwa asiye na cheti cha ufundi, njia ipo na haijulikani inavyostahili. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kile anachokifanya, mapungufu yake huonyeshwa na kufanyiwa kazi, na akifaulu hupata cheti bila kurudi darasani kwa miaka. Chuo cha VETA kipo Mikumi penyewe. Ukirudi kwenye matokeo ya Uganda utaona kwa nini karatasi hii ni zaidi ya mapambo ya ukuta. Inautoa ujuzi kichwani mwa bosi mmoja na kuuweka mahali ambapo bosi wa pili anaweza kuusoma.

Limebaki pingamizi ambalo silijibu, nalikubali. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Hata kama kila mmoja wao angeandika wasifu bora kuliko wote duniani, nafasi zingebaki 70. Kujieleza vizuri hakuzalishi ajira. Kunabadilisha nani anaipata iliyopo, na kama anaifaa. Hilo si dogo kwa mwajiri wala kwa anayepata, ila anayewauzia vijana mafunzo ya wasifu kama tiba ya ukosefu wa ajira anawauzia gunia lililoshonwa mdomo.

Na ushahidi una msimu wake. Haukusanywi usiku wa kuandika barua, wakati waliouona wametawanyika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliona hili mwanzoni na mwishoni mwa ajira. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza, yakiwemo maelezo ya kazi yenyewe. Kifungu cha 44 kinamtaka ampe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Hicho hakimsifu mtu, kinathibitisha tu kwamba alikuwepo, lakini kwa mwajiri wa pili hapo ndipo pa kuanzia. Wafanyakazi wa msimu wengi huondoka bila karatasi zote mbili, kwa sababu siku ya mwisho kila mtu anawaza malipo na basi. Siku hiyo karani bado ana daftari wazi mezani, na msimamizi bado anakumbuka nani alikuwa zamu ya usiku wiki mashine zilipoharibika. Miezi mitatu baadaye msimamizi huyo huenda yuko mkoa mwingine na laini yake ya simu haipatikani. Cheti kiombwe hapo, kabla daftari halijafungwa, na chini yake kijana mwenyewe aandike kwa kalamu alichokuwa akikifanya, tangu mwezi gani hadi mwezi gani, na namba ya mtu aliyemwona akikifanya.